Kwenda Alunguli kwa Ajili ya Saumu ya Salima

Niliondoka Kisangani kwa sababu ya simu moja, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuambiwa kwamba ugonjwa ninaoutibu haupo.

Kazi yangu ni hii. Katika chuo kikuu chetu nina chumba kidogo nyuma ya maktaba, na humo napokea wanafunzi waliokosana na chakula. Wengine wanajinyima mpaka wanaanguka darasani, wengine wanakula kwa kujificha halafu wanajitapisha. Mkubwa wangu anauita ugonjwa wa Wazungu. Wanafunzi wamenibatiza Mama Sahani, na hata mlinzi wa lango ananiita hivyo. Nimezoea, lakini kuzoea si kupenda.

Simu ilitoka Kindu, kwa mama wa Salima. Salima alikuwa mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, na kwa miezi minane alikuja kwangu kila Jumatano. Alikuwa ameanza kupata nafuu. Halafu akaenda likizo nyumbani, na wenzake waliporudi, yeye hakurudi.

"Madame," mama yake akaniambia, "mutoto ameanguka tena akienda kuchota maji. Baba yake anasema ndiyo uchovu wa ibada. Miye ninaogopa."

Nikaomba kusema na Salima mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya adabu.

"Niko muzima, madame. Ninafunga tu."

"Unafunga nini, na Ramadhani bado wiki tatu?"

"Ninalipa."

Mimi ni Mkristo, lakini nimeishi na Waislamu maisha yangu yote na najua kulipa ni nini. Mwanamke akiwa katika siku zake za mwezi hafungi, na baada ya Ramadhani analipa siku zile alizoziacha. Ni siku sita, saba. Salima alikuwa analipa kwa miezi miwili sasa. Mkubwa wangu alitia sahihi barua ya safari bila kuinua macho. "Ukikuta ana mimba," alisema, "usinipigie simu."

Jumatatu asubuhi nilipanda pikipiki kwenda Ubundu. Barabara ile inapita msituni, na mvua ilikuwa imeigeuza uji. Mara tatu dereva alinishusha nitembee kwa miguu, na mara ya nne tulianguka wote. Nikiwa natoa matope sikioni akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema kwamba kwao mtu asiyetaka kula anaachwa tu, njaa yenyewe itamfundisha. Nikapanda tena pikipiki. Jibu la maneno hayo nimelitoa mara nyingi sana hata ladha yake imeisha.

Ubundu nilikaa siku mbili nikingoja chombo. Kila saa naambiwa tunaondoka sasa hivi. Siku ya tatu ndipo tulipopakiwa katika mashua kubwa ya mbao yenye injini, pamoja na mafuta ya mawese, mbuzi, na akina mama wafanyabiashara waliokuwa wakipika humo humo. Mmoja wao, Mama Feza, alinikaribisha kwenye sufuria yake.

"Kindu unaenda kufanya nini, dada?"

"Kuna binti asiyekula. Naenda kumtibu."

"Hana chakula?"

"Anacho. Hataki."

Mashua yote ikacheka. Mama Feza akanisogezea samaki, akaniambia, "Siye tunahangaika na mito hii kutafuta chakula, weye unahangaika kumutafuta mwenye kukikataa." Hakuwa na ubaya. Lakini siku nne juu ya mto Lualaba ni nyingi ukiwa kichekesho, na kila abiria mpya aliyepanda njiani alisimuliwa habari yangu kabla hajaweka mzigo chini.

Tulifika Kindu mchana wa siku ya nne, upande wa Kasuku. Nikavuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli, mtaa wa kwao Salima ng'ambo ya pili, na kila niliyemuuliza njia alinielekeza huku akimsifu Salima. "Yule binti mwenye kufunga? Walii yule."  Kule chuoni najua la kufanya na msichana anayesema amenenepa. Nifanye nini na mji mzima unaomwita walii?

Baba yake, mzee Ramazani, alinipokea kwa heshima kubwa. Ni mtu wa reli, amestaafu, mrefu, mwenye kofia safi. Alinipa kiti kizuri kuliko vyote, akasoma barua ya mkubwa wangu mara mbili, akaikunja.

"Madame, tunashukuru. Lakini huyu mutoto hana ugonjwa. Anamufungia mama yangu."

Akanieleza. Mama yake mzazi, bibi yake Salima, alifariki miaka ya vita, katikati ya Ramadhani. Wakati huo mzee mwenyewe alikuwa amekwama Kongolo, treni hazitembei, mji wa Kindu umezungukwa na watu wenye silaha. Aliporudi alikuta kaburi. Homa, aliambiwa. Ramadhani ya mama yake ilibaki bila kumalizwa, na mtu akifa hivyo, jamaa yake anaweza kumfungia. Yeye ana ugonjwa wa sukari, hawezi. Basi binti yake akajitolea. Alipozimaliza zile siku akaanza za Ramadhani ya mwaka uliotangulia, tusije tukakosea hesabu.

"Ni nani katika watoto wa leo anaweza?" aliniuliza, na machozi yakamlengalenga.

Ugonjwa huu ni mwerevu, jamani. Ulikuwa umepata mlango ambao hakuna mtu katika nyumba ile angethubutu kuufunga.

Salima alitoka chumbani kunisalimu. Alivaa nguo mbili mbili katika joto lile. Mkono wake ulikuwa baridi. Nilimpima mapigo ya moyo pale pale nikijifanya namshika kwa mapenzi, na sikuyapenda. Niliwaambia wazazi kwamba kesho tunakwenda hospitali, na kwamba Ramadhani ikimkuta katika hali hii tunaweza kumzika. Baba akasema, "Mungu haui mutu kwa ibada." Salima akatazama sakafu, na nikaona kwamba amefurahi kutetewa.

Jioni ya kwanza nilifanya kosa langu. Wanaume walikula barazani, sisi wanawake nyuma kwenye mkeka, sinia moja la wali na sombe, yale majani ya mihogo yaliyotwangwa, mikono sita. Katika mikono sita sikuweza kujua nani anakula nini. Shuleni nilifundishwa kumtazama mgonjwa na sahani yake. Basi nikamwambia mama, mbele ya wote, "Salima apewe sahani yake peke yake."

Mikono yote ikasimama. Wadogo zake walimtazama mama yao. Salima akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama alinieleza baadaye, kwa upole ambao ulinikera zaidi kuliko kama angenifokea. "Hapa kwetu, madame, sahani ya peke yake tunapatia mugeni, ao mutu tunayeogopa. Umemwambia mutoto kwamba siye tunamuogopa." Nilitaka kumjibu kwamba kitabu changu hakisemi hivyo. Badala yake nikamsaidia kukusanya vyombo. Siku mbili zilizofuata Salima hakutoka kabisa kuja kwenye mkeka, akisema anafuturu kwa maji chumbani, na hospitali akakataa. Wiki tatu za kabla ya Ramadhani zilikuwa zimebaki siku tisa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeharibu.

Siku ya tatu asubuhi nilikaa na mama jikoni akitwanga sombe. Nilikuwa nimechoka na uungwana.

"Mama, nisaidie. Huyu bibi anadaiwa siku ngapi? Itaisha lini?"

Mchi ukasimama hewani. Akauweka chini taratibu.

"Hadaiwi hata moja," akasema.

Ndipo akaniambia. Mji ulipozungukwa, mashamba hayakuendeka. Katika nyumba hii walikuwa yeye, mama mkwe wake, na mtoto wa kwanza, Asumani, aliyekuwa bado ananyonya. Walikula majani ya mihogo bila chumvi, na siku nyingine hata hayo hayakutosha sinia.

"Mama mukwe alikuwa anapeleka mukono kwenye sinia, anaupeleka kwa kinywa, anatafuna. Miye niko karibu yake. Niliona kwamba mukono hauna kitu. Siku ya kwanza niliona. Nikanyamaza, nikala. Nilikuwa nanyonyesha, madame. Nikala fungu lake mpaka siku aliyokufa. Haikuwa homa. Alifunga muchana na usiku, Ramadhani yote aliyoishi. Ni siku gani tena za kulipa?"

"Na mzee hajui?"

"Ningemuambia nini? Kwamba nilimula mama yake?"

Kisha akaongeza jambo jingine. Mkono wa Salima kwenye sinia, jioni ile nilipofika, ulikuwa mkono ule ule. Aliutambua tangu siku za likizo. Ndiyo sababu alinipigia simu. Alitaka mimi niukamate, ili yeye asilazimike kusema aliujulia wapi.

Niseme kweli, nilikasirika. Nimevuka misitu na mito, nimechekwa siku nne, nimevunja heshima ya nyumba, na dawa ilikuwa jikoni muda wote. Nikamwambia, "Mama, mimi siwezi kusema maneno haya. Hayatakuwa na nguvu mdomoni mwangu. Na mtoto hana muda." Akachukua mchi, akatwanga mpaka sombe ikalainika kabisa. 

Jioni ile alimwita Salima nje kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na binti akaja. Halafu akamwita mumewe kutoka barazani, akamwambia aketi kwenye mkeka wetu. Mzee alishangaa, akaketi. Mikono ikaingia kwenye sinia. Mkono wa Salima ulipokuwa unapanda mdomoni, mama yake akaudaka, akaufungua vidole. Ulikuwa mtupu.

"Huu mukono ninaujua," akasema. "Baba Asumani, unisamehe. Mama yako hakufa na homa."

Akasema yote, bila kulia, akiwa ameshika ule mkono wa binti yake. Mzee Ramazani alivua kofia yake, akaitazama.  Nilijiandaa kwa lolote.  Alichukua tonge dogo, akalitia kwenye kiganja cha Salima, akamfunga vidole.

"Mama yangu alikuachia hiki," akasema. "Asumani alikula, mama yako alikula, ukazaliwa. Weye ndiye unataka kumurudishia?"

Salima alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alisema hatujui lolote, kwamba kufunga ndicho kitu pekee anachokiweza, kwamba tumemnyang'anya. Nilifurahi kusikia, maana miezi minane kwangu hakuwahi kusema ukweli mkubwa hivyo. Tonge lile alilila baada ya nusu saa, na jingine hakulitaka. Kesho yake tukaenda hospitali, baba yake akimshika mkono njia nzima mpaka kwenye mtumbwi.

Nilibaki Alunguli siku kumi. Daktari alimwandikia asifunge, na mzee mwenyewe akaibandika karatasi ile ukutani, sebuleni, kila mgeni aisome. Salima alinichukia siku saba kati ya hizo kumi. Siku nyingine alikula, siku nyingine alificha wali kwenye khanga, tukaanza upya. Alipokubali kurudi kwangu Kisangani muhula ujao, alisema ni kwa sababu hataki tena kuniona nyumbani kwao.

Nilirudi kwa njia ile ile, na matope yale yale. Mkubwa wangu aliniuliza kama ilikuwa mimba. Katika ripoti yangu kuna mahali pa kuandika chanzo cha ugonjwa, mstari mmoja. Niliuacha wazi, na akanirudishia ripoti niijaze. Nilichojifunza hakiingii pale: miaka kumi nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu kwa nini hawali. Sikuwahi kuwauliza ni nani kwao aliyekula, na bado anaona haya.

Ramadhani ilipofika katikati nilimpigia mama simu, saa ya futari.

"Salima amekula?"

"Muchana alikula kidogo. Sasa anagombana na wadogo wake juu ya samaki."

"Vizuri. Na weye, mama? Umeshafuturu?"

 Nyuma yake nilisikia sauti za watoto na vyombo.

"Nitakula. Acha wao wamalize kwanza."

"Mama," nikamwambia, na nilikuwa nimechoka kweli, "keti. Simu usiikate. Ninasikiliza."

Nikasikia sinia likivutwa. Halafu nikamsikia anatafuna.