Kisahani Nilichokiunguza

Mwanangu, nimesikia umeanza mafunzo ya vifaa vya piezo, vile vinavyotoa umeme vikibanwa, na toka juzi moyo wangu hautulii. Kuna asubuhi moja ya ujana wangu inayonirudia kila nikisikia neno hilo. Nilikuwa msichana pekee kati ya wanafunzi watano, katika chumba cha nyuma cha duka la saa hapa Kamembe. Mwalimu wetu, mzee tuliyemwita Papa Kizito, alikuwa akivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu kila juma kuja kutufundisha.

Asubuhi hiyo alitoa kisahani chembamba cha shaba, katikati cheupe, akakiunga kwa waya na spika ndogo ya sikioni. Akanipa nisikilize, kisha akakigonga kwa ukucha. Nikasikia tak. Hakukuwa na betri wala umeme wa ukutani. Ule weupe ukibanwa au ukitikiswa hutoa umeme wake mwenyewe, kidogo sana. Nilipenda, mwanangu. Sijui neno jingine la kusema.

Alikuwa na sheria moja. Chuma cha kulehemu kiguse ule weupe kwa kuhesabu mbili tu, kisha ukiondoe. Ukipikwa sana husahau kazi yake, na kwa macho huoni kitu. Kwa hiyo kila mmoja alipaswa kugonga chake kwa ukucha mbele ya wenzake kabla ya kukigandisha kwa gundi kwenye kasha lake.

Tulikuwa tunatengeneza kifaa cha kusikiliza mashine ya kukoboa mpunga kule Muganza, mwenye mashine ajue mapema beringi ikianza kuchoka. Papa Kizito alikuwa ameahidi kwamba wawili watakaofanya vizuri atawachukua Bukavu, awafundishe mpaka wawe mafundi kamili. Mimi nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka kuolewa, na wakati ule nilikuwa nataka sana kuolewa.

Basi nikataka lehemu yangu ing'are kuliko za wavulana. Nilihesabu mbili, nikaendelea mpaka saba. Nilipogonga peke yangu, kimya. Wenzangu walikuwa wameenda kunywa chai, nikapaka gundi haraka, na waliporudi nikasema nimeshakipima. Vilipangwa mezani bila majina, na kwa kuwa changu kiling'aa, ndicho kilichochaguliwa kupelekwa Muganza.

Huko mashine iliunguruma, vumbi la pumba likatujaa puani, na kifaa chetu hakikusema kitu. Papa Kizito akakibandua, akakigeuza mkononi.

“Hii haikukufa yenyewe,” akasema. “Muntu aliichoma. Ni nani?”

Nikaangalia kandambili zangu. Alingoja. Kisha akamgeukia mwenye mashine: “Papa, utusamehe. Kosa ni yangu, mimi mwalimu.”

Sikurudi darasani. Nyumbani nilisema nimechoka na mambo ya waya, nikaanza kuuza vitenge sokoni. Miaka ikaenda. Mpaka leo mtu akiwasha jiko la gesi na ile cheche ikaruka, najua ni kitu cha jamii ile ile kimebanwa ndani, na mkono wangu unatamani meza yangu ya darasani.

Nilipoota mvi ndipo nilipovuka kwenda kumwambia. Nikamkuta mjane wake. Mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Nikamweleza yote pale mlangoni.

“Alijuaka, maman,” akanijibu. “Alikuwa anasemaka, ule binti atakuja kunijulisha, mumuachiye kiti yake. Kiti yako ilibakia wazi mpaka masomo ikaisha.”

Nililia njia nzima mpaka mpakani. Nililia kiti kile, mwanangu, kuliko aibu yangu.

Sasa nisikilize. Utaunguza visahani, mikono inayojifunza huunguza. Kilichoungua usikifiche kwa gundi. Kigonge mbele ya wenzako, na kikinyamaza sema siku hiyo hiyo, “Ni mimi,” hata kama sauti inatetemeka. Mwalimu mwema hangoji kazi inayong'aa. Anangoja useme, ili akuonyeshe tena.

Mungu akutulizie mkono na akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Na utakapoketi mezani kwako, gonga mara moja kwa ajili yangu. Mimi nitakuwa hapa Kamembe, nimetega sikio.