Majivu Ndani ya Dumu

Harufu ya majivu yaliyoloa hunirudisha kwenye mfereji uliopita nyuma ya nyumba yetu, juu milimani Upare, katika ule mwaka ambao sabuni haikuonekana dukani hata kwa mwenye kibali. Tulisugua kila kitu kwa majivu ya jikoni: sufuria, vibuyu, hata visigino vyetu siku ya Jumapili. Mama alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa, kwamba chombo cha mtu hakirudi kwake kichafu. Kwa hiyo Baba aliponiambia niandae dumu la bati tuliloazima kwa Salumu wa mjini Same, nililisugua nje kwa moyo wote, kisha nikatia majivu na maji ndani, nikalitikisa mpaka mikono ikauma. Nilipolipindua, maji mengine yalibaki yakicheza tumboni mwake, maana mdomo wake ulikuwa na ukingo uliozuia yasiishe. Sikujali. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijiona nimetenda jema.

Salumu alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja kukata mkonge. Shamba lilipopunguza watu, akapata kazi ya kugawa petroli mjini. Hakuwa na mke wala ndugu pale, na mgeni ni kuku mweupe: akifanya lolote, wote wanaona. Baba alikuwa mzee wa kanisa na dereva wa Landrova ya usharika wetu. Asubuhi ile tulishuka Same na akina mama sita wa kwaya, tukielekea ubatizo katika kijiji cha Kisiwani. Nikamrudishia Salumu dumu lake, akanishukuru kwa jinsi lilivyong'aa. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo akavuta petroli yetu ya kibali kwa pampu ya mkono, akaikinga katika dumu lilelile, akaimimina kwenye tangi.

Mji ulipokuwa umebaki nyuma, gari likaanza kutetemeka. Baba alipokanyaga mafuta lilikwenda kwa kusitasita. Alipoachia mguu, injini haikuweza kunguruma mahali pamoja, ikakohoa, ikatikisa viti, ikazima. Akafungua boneti. Akatoa plagi mojamoja, akazisugua, akakaza nyaya, akawasha tena. Mtetemo uleule. Ndipo akasema polepole kwamba gari lilikuwa zima mpaka lilipotiwa mafuta, akainamia kikombe cha kioo kilichokuwa chini ya pampu ya petroli. Petroli ilikuwa juu, na chini yake yalikaa maji, yamejitenga nayo wazi kabisa.

“Salumu ametuuzia maji,” akasema.

Akina mama wakaguna. Ilikuwa miaka ya kusaka walanguzi, na neno kama hilo lilitosha kumweka mtu ndani, hasa mtu asiye na wa kumsemea. Baba, ambaye kwa kawaida hakusema jambo asilolipima, siku hiyo hakupima. Alichana karatasi kwenye daftari la safari, akawaandikia polisi wa Same, akampa karatasi hiyo dereva wa lori lililokuwa likipita kwenda mjini.

Lori lilipokwisha kumezwa na vumbi, akakifungua kile kikombe na kukimimina kiganjani. Maji yakapita katikati ya vidole, ukabaki unga laini wa kijivu. Akasema kwamba kumbe Salumu ametia na uchafu. Mimi nikautambua unga ule kama ninavyoutambua uso wa mama yangu. Niliijua pia fimbo ya mpera iliyokaa juu ya mlango wetu. Lakini wiki ileile tulikuwa tumekariri amri ya nane, inayokataza kumshuhudia mtu uongo, na akilini nilimwona tena Salumu akinishukuru.

“Baba, hayo ni majivu yetu. Lile dumu nililiosha mimi.”

“Ulilikausha?”

“Hapana, Baba.”

Hakunipiga. Aliitazama barabara lilikopita lori, kisha akamwomba Mama Nakunda, mmoja wa wanakwaya wale, sufuria lake la karamu.

“Haya, wali wa leo utanukia gereji,” Mama Nakunda akanung'unika, lakini akalitoa.

Baba akalala mchangani chini ya gari, akalegeza nati ya tangi. Maji yaliyokuwa yametulia chini yakatangulia kutoka, ya kijivu, yakafuatwa na petroli safi, akakaza haraka. Akaosha kikombe kwa petroli, akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo mpaka midomo ikababuka. Nilimsikia akiomba kati ya pumzi na pumzi. Akawasha. Injini ikakohoa mara mbili, kisha ikatulia, ikanguruma sawasawa kama jiwe la kusagia. Akina mama wakapanda wakidhani tunaendelea Kisiwani. Baba akageuza gari.

Tulimkuta Salumu ameketishwa kwenye benchi la polisi, miguu mitupu, viatu na mkanda wake vimewekwa pembeni. Baba akavua kofia.

“Afande, barua ile niliandika mimi, na nimemsingizia mtu. Maji yalitoka nyumbani kwangu.” Kisha akageuka. “Ndugu Salumu, nisamehe.”

Salumu alivaa viatu taratibu, kimoja, kisha cha pili. “Mzee, mimi hapa sina wa kuniulizia,” akasema. “Gari lako lisingewaka, ningelala humu.” Halafu akaniangalia. “Na wewe, mama, dumu la petroli halioshwi.”

Watoto wa Kisiwani walibatizwa siku ile bila kwaya.

Leo vituo vya mafuta vimepangana kando ya barabara kuu pale Same, na gari la mwanangu likitetemeka, fundi huchomeka kifaa kikamtajia ugonjwa kabla hajachafua mikono. Namshukuru Mungu, siitamani tena shida ile. Lakini barua ya Baba ilikwenda kwa lori, na lori lilifuatika. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya mwenye duka mmoja anayeitwa mwizi, kidole kikiwa tayari kuisambaza. Nikamwuliza kama anamfahamu mtu yule. Akasema hamfahamu. Nikamwuliza kama ikishakwenda anaweza kuirudisha.

“Hairudi, bibi. Inafika kwa wote saa hiyohiyo.”

Nikamwomba aiweke simu chini kidogo, akae, nimsimulie habari za dumu.