Omena Zetu Zilivyofika Sudan Kusini

Mwanamke yule alishuka kwenye boti hapa kisiwani Mfangano akiuliza nani anauza omena kwa magunia. Watu wakamleta kwangu. Nilikuwa na kibanda ufuoni, nikinunua omena, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi na kuwauzia wachuuzi wa Homa Bay na Kosele.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini. Soko la mji wao lilichomwa wakati wa vita, akaishi katika kambi ya wakimbizi Uganda miaka mingi. Sasa watu walikuwa wanarudi na kujenga upya, lakini sokoni hakukuwa na kitoweo. Tulihangaika na Kiswahili, yeye cha kambini na mimi cha sokoni, hadi aliponyooshea gunia kidole akasema kwa lugha yake, "Rech." Nikacheka. Yeye ni Mwacholi, na sisi Wajaluo samaki tunamwita vivyo hivyo. Tangu siku hiyo nikawa namwita nyaminwa, dada yangu.

Tukakubaliana bei, nikamtumia mzigo wa kwanza, kwa boti hadi bara kisha kwa lori. Wiki mbili baadaye akapiga simu.

"Dada, samaki wako wana mchanga."

"Omena haikosi mchanga," nikajitetea. "Ukiosha unatoka."

"Maji tunayatoa mbali. Na watu hawa wamekula vibaya miaka mingi. Nataka wakinunua kwangu waone mambo yamebadilika."

Niliona aibu. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaanika chini, juu ya nyavu kuukuu, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Kesho yake niliwaita wanawake wenzangu wa ufuoni, nikawaambia tujenge vichanja vya miti, tuanike juu. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alicheka mpaka akakaa chini.

"Tangu lini samaki akajengewa kitanda?"

Wanne kati yetu tulijenga hata hivyo. Juma hilo mvua ilinyesha ghafla. Tulifunika vichanja kwa turubai, tukaokoa kila kitu. Zilizoanikwa chini zikaishia matopeni. Asubuhi yule mama alikuja na panga na miti begani.

"Nionyesheni mnavyofunga kamba," akasema, bila kucheka.

Mzigo wa pili ulipofika, simu ilikuwa fupi: "Zimeisha. Leta zingine."

Mzigo wa tatu niliupeleka mwenyewe, nikapita Uganda nimeketi kando ya dereva. Kuta nyingi mjini pale zilikuwa bado na matundu ya risasi, lakini soko lilikuwa na mabati mapya, na nyaminwa alikuwa anawauzia kwa jumla wachuuzi wengine sita. Alinishika mkono, akanipitisha kibanda kwa kibanda. "Huyu ndiye mwenye samaki," akawaambia, na watu wakasimama kunisalimia.

Mpishi wa shule iliyokuwa imefunguliwa tena alikuja kuchukua magunia mawili. Akauliza omena hizi zinaanikwa na nani.

"Na sisi," nikasema. "Wanawake wa Mfangano."

Nimeuza samaki tangu nikiwa msichana, lakini sikuwahi kutaja kazi yangu nikiwa nimesimama wima namna ile. Nilimfuata hadi shuleni, nikapiga picha ya watoto wamepanga foleni na sahani, nikawatumia wenzangu. Yule mama, mkubwa wetu, akanipigia mara moja.

"Wanamaliza chakula?"

"Wanamaliza, mama. Wengine wanarudi kuongezewa."

Kisha nikamsikia akiwaita wenzake kwa sauti kubwa waje wasikie.