Plau Iliyovutwa na Watu wa Ofisini

Zamani mtu wa Bariadi alitoka jasho ndipo akala. Siku hizi anakula kwanza, anashiba mpaka anahema, halafu anatafuta mahali pa kwenda kulimwaga jasho lisilomfaa mtu yeyote.

Luhende wa Malimi hakuwa na habari hizo. Alikuwa mkulima tu, mwembamba, mwenye magoti makavu na ulimi mkavu zaidi, akiishi na mkewe Kwandu pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya Dutwa. Shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba. Baba yake alilima pamba hapo, naye akalima pamba, kisha mahindi, huku mji ukimjia polepole kama maji ya mafuriko: kwanza mashine ya kusaga, halafu baa, halafu mtu wa kuuza vioo vya madirisha. Mwishowe shamba likabaki peke yake katikati ya mabati, kama mzee aliyesahauliwa kwenye karamu ya vijana.

Plau alikuwa nayo. Nira alikuwa nayo, ya mti mgumu, imelainishwa na shingo za vizazi vya ng'ombe. Kilichokosekana ni maksai wenyewe. Walikuwa wawili: mmoja akiitwa Diwani, kwa sababu alipenda kula na hakupenda kuanza kazi, na mwingine Bwana Shamba, kwa sababu alikuwa akisimama katikati ya mfuo na kuutazama udongo kama anayetaka kutoa ushauri. Diwani alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Bwana Shamba akaliwa kwenye harusi ya mjukuu, wageni wakisema maksai mmoja hana kazi. Walisema hivyo huku wanatafuna.

Mvua zilipokaribia, Luhende alimwendea mwenye trekta. Mwenye trekta akaja, akaangalia kichochoro kati ya baa na duka la vioo, akacheka, akaondoka. Ndipo akaja Salvatory, mwanawe wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina la Salvatory. Wapimaji walipopita, Luhende aliona aibu kuandikisha kitu ambacho kila mtu anajua ni chake, akamwambia mwanawe, "Andika wewe, una mwandiko mzuri."

"Baba, mimi si mtu mbaya," Salvatory alisema, amesimama kwa sababu suruali yake haikuruhusu kukaa kwenye kigoda. "Lakini shamba katikati ya mji, limejaa magugu, watu wananicheka. Likilimwa kabla mvua haijakolea, sikati viwanja. Lisipolimwa, nakata."

"Likilimwa hukati?"

"Likilimwa sikati. Neno langu hilo. Nitakuja Jumapili baada ya misa."

Luhende akashika neno hilo kama mtu anavyoshika mkia wa ng'ombe kwenye mto.

Asubuhi iliyofuata alikuja kijana mwenye kifua kama kabati. Jina lake Januarius, mjukuu wa majirani, aliyekwenda Dar es Salaam na kurudi na filimbi shingoni.

"Mambo, babu! Samahani, shikamoo."

"Mwangaluka," alijibu Luhende kwa Kisukuma, ili kumkomoa.

Januarius alieleza kwamba yeye ni kochi. Alikuwa na kundi la watu wa ofisini, wanaume kwa wanawake, wanaofanya mazoezi kwenye uwanja wa ghala la zamani la pamba. Hawakutumia vyuma vya dukani. Walipindua matairi ya malori, walibeba magunia ya mchanga, walipiga ardhi kwa nyundo za kupasulia mawe. Sasa alisikia kwamba mzee ana plau.

Luhende akasogea karibu. "Mnalima wapi?"

"Hatulimi, babu. Tunavuta."

"Mnavuta plau."

"Ndiyo."

"Ilime nini?"

"Isilime. Tutailaza ubavu isishike udongo. Tukitaka uzito, mtu mmoja anaikalia."

Kwandu, aliyekuwa akichambua choroko mlangoni, aliinuka akaingia ndani. Luhende akamsikia akicheka na sufuria.

Alikwenda kujionea. Alikuta watu wazima, wengine anawafahamu, wakihangaika uwanjani kama wamemwagiwa siafu. Magari yao yalisubiri kwenye kivuli. Mmoja aliburuta mnyororo usiofungwa kitu chochote. Mwingine alibeba gunia mpaka ukutani, akaligusisha ukuta, akalirudisha lilipotoka, akalibeba tena. Mwanamke mnene wa benki, aitwaye Matilda, alikuwa akitwanga kwa nguvu zote kwenye kinu. Luhende alichungulia kinu. Kilikuwa kitupu.

"Unatwanga nini, mwanangu?"

"Mabega, babu," alisema Matilda, bila kusimama.

Mama yake Luhende alitwanga mtama kwenye kinu kama hicho, mtoto mgongoni, na hakuna aliyemsifia mabega. Luhende aliondoka pale. Lakini kabla hajafika barabarani alisimama. Kundi zima lile, nguvu zote zile, zinamwagika chini kama maji ya kuoshea vyombo. Na yeye ana shamba.

Akarudi. "Kochi! Plau chukueni. Nira pia. Sharti moja: mvutie shambani kwangu, na plau isimame wima."

Januarius alifikiri. "Udongo halisi," alisema. "Ukinzani wa asili. Babu, wewe ni mwalimu!"

Basi Alhamisi wakaja. Siku za ujana wa Luhende, vijana wa kijiji walipokwenda kulima kwa mtu, walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, na aliyechelewa aliadhibiwa, na mwimbaji alitangulia mbele na majembe yakafuata wimbo. Hawa walikuja na spika kubwa inayopiga muziki kama bati linaloburutwa, na chupa za maji kana kwamba wanakwenda Sahara. Luhende hakukaa. Alipaswa kwenda Dutwa kufuata mbegu, na basi lilikuwa linapiga honi. Akawaonyesha pa kuanzia, akasema maneno machache ambayo mkulima yeyote angeyaelewa:

"Mnakwenda mpaka mwisho, mnarudi. Mnakwenda, mnarudi. Basi."

"Tumekuelewa, babu!"

Aliporudi mchana na mbegu begani, aliona udongo umerundikana kingo mbili, ukifika kiunoni mwa mtu. Shamba lilikuwa vilevile, magugu yake yamesimama yanamtazama. Katikati yake palikuwa na mfuo mmoja. Mmoja tu. Ndani yake vichwa vilikuwa vikipita, vikipanda na kushuka.

"Tumekwenda na kurudi, babu!" kochi alipaza sauti kutoka shimoni. "Asubuhi nzima! Hakuna aliyeacha!"

"Palepale?"

"Palepale. Hakuna aliyetoka nje ya mstari!"

Luhende alikaa chini juu ya mfuko wa mbegu. "Ng'ombe akirudi," alisema polepole, "anasogea pembeni. Hakuna anayemwambia. Anasogea tu."

"Sisi si ng'ombe, babu," alisema Matilda, akitambaa kutoka mtaroni.

"Naona," alisema Luhende.

Kwandu alikuja akasimama ukingoni. "Ngosha wangu, mtaro huu ni wa bomba au wa kukuzika?" Kisha akatazama uso wa mumewe, akaacha utani. Jumapili ilikuwa inakuja, na pamoja nayo Salvatory.

Usiku Luhende hakulala vizuri, na Ijumaa alikwenda kumwambia kochi kwamba watakuja tena Jumamosi, na safari hii yeye mwenyewe ataswaga. Januarius alisita, akasema watu wake si wa kupigiwa kelele. Jumamosi wakaja wote. Aliwafunga nira wawili wawili kwa zamu, akaanza na Matilda na Gilbert, mwanamume mwenye tumbo na miwani. Luhende akashika mikono ya plau. Kwa miaka mingi hakikuwa kimepita mikononi mwake chochote kilichotetemeka vile. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, na kilichotoka ni majina ya zamani.

"Diwani! Vuta, mvivu wewe! Bwana Shamba, unatazama nini? Udongo haujakuuliza kitu!"

Gilbert aligeuka, miwani imejaa ukungu. "Babu, umenijuaje? Mimi ni bwana shamba kweli! Ofisi yangu iko kule…"

"Funga mdomo, uvute! Una kupe, mbona unachechemea? Diwani, kushoto! Kushoto ni upande wa baa!"

Matilda alikuwa hajawahi kutukanwa hivyo tangu azaliwe, wala hajawahi kuvuta hivyo. Alitoa mlio kutoka tumboni. Nyuma waliosubiri zamu wakaanza kugombana.

"Kochi, mimi sijaitwa kitu!"

"Babu, na mimi nipe jina!"

"Wewe utaitwa Ndama mpaka uache kuvaa glavu," Luhende alisema, na mwenye glavu akazivua palepale.

Mwisho wa mfuo walisimama. Wote walimtazama. "Haya," akawaambia kwa upole ambao Kwandu alikuwa hajausikia kwa muda mrefu, "sogeeni pembeni. Hatua ya mtu. Hivyo. Sasa rudini." Wakasogea. Wakarudi. Udongo ukapinduka mweusi, umelala vizuri juu ya jirani yake. Mtu mmoja akazima spika bila kuambiwa. Luhende akaanza wimbo wa kulimia, kwa sauti iliyopasuka, naye Gilbert, ambaye kumbe alikulia kijijini Mwamapalala, akaitikia. Kwa saa chache shamba lile lilikuwa shamba. Mtaro ulifukiwa, magugu yakalala kifudifudi, na jua lilipochoma sana hapakuwa na kipande kilichobaki isipokuwa pale penye kisiki.

Kwandu alipika ugali wa watu wote, maana huwezi kulimiwa ukamwacha mtu aende na njaa. Waliogopa wanga wake, usije ukawanenepesha. Wakaujadili. Gilbert akala.

Jumapili Salvatory alikuja akiwa amevaa nguo za misa, na Januarius alikuwepo amefuata plau yake, maana alishaanza kuiita yake. Salvatory alizunguka shamba lote. Akaokota bonge la udongo, akalivunja.

"Limelimwa," alisema.

"Limelimwa," alisema Luhende, na akajishika ili asitabasamu mbele ya mtoto.

"Nani kalima?"

"Watu wa benki. Na bwana shamba."

Salvatory akamtazama kochi, akayakumbuka magari aliyoambiwa na mwenye baa, yaliyojaa mpaka barabarani. Wawili hao walikwenda kusimama karibu na kisiki, wakazungumza kwa muda, wakapeana mikono. Salvatory akarudi uso umechangamka.

"Baba, nimetimiza neno langu. Sikati viwanja. Umeniokoa, kwa kweli. Shamba litalimwa!"

"Limeshalimwa. Kesho napanda."

"Hapana, baba. Ukipanda watalimaje? Watakanyaga mahindi." Alimshika bega. "Nimempa Januarius alitumie, anilipe kodi. Litalimwa kila siku. Wewe ulitaka lilimwe, si ndiyo? Hakuna shamba Simiyu nzima litakalolimwa kama hili."

"Kulima ni kupanda," alisema Luhende.

"Kulima ni kulima, baba."

Kwandu alisema neno la Kisukuma ambalo mtu wa rika lake hapaswi kulisema mbele ya mwanawe aliyetoka kwenye misa. Luhende aliutafuta ubaya katika maneno ya mtoto wake akaukosa. Kila neno lilikuwa pale lilipoahidiwa.

Kochi alimwomba abaki kama mswagaji, kwa sababu wateja walikuwa wakiulizia majina yao. Luhende alikataa. Mbegu akampa shemeji yake wa Lingeka, na wiki ile yeye na Kwandu wakahamia huko, wasilione shamba likilimwa bure kila siku, kwenye kibanda kando ya pamba ya watu.

Aliwaona watu wa kochi mara ya mwisho mvua ilipokuwa inaingia. Alikuwa amekuja mjini kufuata dawa ya Kwandu, akapita barabarani akisukuma baiskeli. Udongo wa shamba lake, kwa kulimwa na kulimwa, ulikuwa laini kama unga wa muhogo, na upepo uliuinua na kuupeleka barabarani. Walikuwa wamefungwa nira. Walifika mwisho, wakasogea pembeni hatua ya mtu, vizuri kabisa, wakarudi. Kisha tone la kwanza likaanguka, zito, na harufu ile ikapanda kutoka ardhini. Januarius akapuliza filimbi. Waliacha plau imesimama katikati ya mfuo, wakakimbilia kwenye magari wakijifunika vichwa kwa mikono.

"Msikimbie!" Luhende alipiga kelele kutoka barabarani. "Ndiyo kwanza inaanza!"

Matilda alishusha kioo kidogo, akampungia mkono, akakipandisha.