Jumamosi ya Kapteni Onchiri

Kaka yangu Duncan Onchiri ni kapteni mara mbili, na kote kuwili sisi wa nyumbani hatumpati. Shirika la ndege linamlipa kurusha ndege za abiria. Jeshini alitoka mapema, lakini jina lake limebaki katika kikosi cha akiba, na wakimwita mazoezini ni lazima aende. Nyuma ya mlango wake kule Nairobi kuna mabegi mawili yaliyofungwa tayari, moja la shati jeupe, jingine la buti. Begi la kuja nyumbani Manga sijawahi kuliona.

Baba alimpenda kwa hayo yote. Ndege ikipita juu ya majani chai yetu, alisimama akaitazama hadi ipotee. "Huyo ni mtoto wangu," aliwaambia wachumaji, hata kama ndege yenyewe ilikuwa ya Waarabu ikielekea Entebbe. Walimcheka, naye hakujali. Duncan mwenyewe hakuonekana. Likizo zake za kazini ziliishia kambini, na akitoka kambini alidaiwa safari na wenzake waliomshikia zamu.

Mwezi wa nne Baba alifariki. Kwetu, kaburi la mzee huanzwa na mtoto wake wa kwanza wa kiume. Yeye ndiye hupiga jembe la kwanza, kisha vijana wengine huchimba. Duncan ndiye mvulana pekee, sisi wengine ni wasichana, kwa hivyo tulingoja. Tulipanga Alhamisi, akapewa safari ya Dubai. Tukasogeza hadi Jumanne, rubani mwenzake akaugua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwabembeleza watu wa mochari na wa tenti, na hasira zilikuwa zimenifika hapa.

Ndipo akanipigia simu, amejaa furaha.

"Celestine, nimepata! Wamenipa siku nzima. Jumapili alfajiri naripoti kambini, lakini Jumamosi ni yangu yote."

"Jumamosi ya nini, Duncan?"

"Ya kumzika Baba! Si watu wote huzika Jumamosi?"

Watu wote, ndiyo. Sisi ni Wasabato tangu enzi za babu. Siku hiyo nyumbani kwetu hata kuni hazipasuliwi, na chakula hupikwa Ijumaa. Duncan alibatizwa katika mto ule ule tuliobatizwa sisi. Nilimsikia akipumua, akikumbuka.

"Mungu wangu," alisema.

Alijaribu kuibadilisha siku ile, haikuwezekana. Mama yetu, Tryphosa, hakulia wala hakugomba. "Mwambie hatungoji tena," alisema. Tulizika Ijumaa. Jembe la kwanza lilipigwa na Ogoti, mtoto wa baba mdogo, mtu ambaye Baba hakusalimiana naye miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kwa uchungu nilimtazama akilipiga.

Jumamosi Duncan alikuja hivyo hivyo. Tuliporudi kutoka kanisani tulimkuta kaburini, koti amelitundika kwenye mgomba, jembe la Baba mkononi. Udongo ulikuwa bado laini. Alikuwa hajaugusa.

"Weka jembe chini," Mama alimwambia. "Leo ni Sabato."

"Mama, ni udongo kidogo tu. Nimwekee Baba."

"Jua likizama utamwekea. Mimi mwenyewe nitasimama na wewe."

Duncan akatazama saa. Nilimwona, na Mama alimwona. Ili aiwahi ndege ya jioni pale Kisumu, ilimbidi aondoke jua likiwa bado juu.

"Na usiporipoti watakufanya nini?" nilimwuliza.

"Nitashtakiwa, Celestine."

"Na sisi tukushtaki wapi?"

Aliegemeza jembe kwenye mgomba, akavaa koti, akamshika Mama mkono. Mama alimwombea safari njema kwa sauti ile ile anayowaombea wageni. Kisha tukasikia bodaboda ikishuka mlima.

Jua lilipozama Mama alitoka nje. Nilidhani anakwenda kaburini. Alilichukua lile jembe, akalipangusa kwa kanga yake, akanipa.

"Kesho asubuhi mpelekee Ogoti," alisema. "Mwambie ni lake."