Namba 0417: Uso Niliouthibitisha kwa Siku Kumi na Moja

Kwa siku kumi na moja nilimtazama mwanamke akigeuka kuwa mtu mwingine kwenye skrini yangu, na kila nilipoulizwa kama ni yeye, nilibonyeza "Ndiye".

Sitii chumvi. Naeleza kama nilivyoeleza mbele ya Tume inayoamua migogoro ya kazi.

Naitwa Nasreen. Naishi Kayanga, chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yangu, mzee Mansoor. Nimesoma takwimu chuo kikuu. Mwaka jana nilipata kazi ya mtandaoni kwenye kampuni ambayo sitaitaja.

Mkataba ulisema mimi ni mkandarasi huru. Nafanya kazi popote, saa nizitakazo.

Programu waliyoniwekea kwenye kompyuta ilisema mengine.

Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumapili ikiwemo, ilinipiga picha kila dakika kumi. Kiti kikiwa kitupu mara tatu kwa siku, namba yako ya kazi inafungwa.

Kazi yangu yenyewe ilikuwa picha hizo hizo, ila za wenzangu. Mashine ikitilia shaka, ilileta picha mbili, ya siku ya usajili na ya leo, pamoja na vitufe viwili. Ndiye. Siye.

Ukibonyeza Siye, mtu amepoteza kazi. Usipojibu, mashine inajiamulia. Majina hakuna, namba tu. Kuwasiliana marufuku.

Nani alikuwa anakagua picha zangu? Niliamini ni bosi fulani, ofisi fulani, mbali.

Jumatatu moja ya Juni ikaja namba 0417.

Picha ya usajili ilionyesha dada mwembamba, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, mkono kidevuni, pete ya ndoa kidoleni. Picha ya leo ilikuwa na kovu lile lile na ukuta ule ule, lakini mashavu yalikuwa yamejaa. Mashine iliandika: ufanano asilimia 81.

Nikabonyeza Ndiye.

Jumanne, 77.

Alhamisi pete haikuwa kidoleni tena. Ilining'inia shingoni kwa uzi, na vidole vilikuwa vimejaa kama ndizi za kisukari.

Siku ya kumi, 58. Macho yalibaki mistari miwili, na mkono mmoja ulikuwa unashikilia paji la uso.

Ndiye, Ndiye, Ndiye. Nilidhani namlindia kazi yake. Nilijiona mwema kabisa.

Siku ya kumi na moja, saa tatu na nusu, kiti kilikuwa kitupu.

Dakika kumi baadaye alikuwepo, kichwa kimelala juu ya kompyuta. Upepo ulikuwa umefungua pazia, na kwa mara ya kwanza nikaona nje. Migomba. Tangi la saruji la maji ya mvua. Maandishi ya bluu: RUGU NA. 9.

Rugu. Wilaya yangu. Mimi nilikuwa nadhani yuko nchi nyingine.

Nikatazama vitufe. Hakuna kilichosema "Anaumwa".

Nikainuka kwenye kiti.

Baba akaniuliza naenda wapi saa za kazi. Nikamjibu, "Kuna mtu anakufa kwenye kompyuta yangu."

Akampigia simu Polikarpi, dereva wa mchomoko, zile Probox zinazobeba abiria.

Rugu tangi namba tisa linajulikana. Uani tulimkuta mama mtu mzima akianika maharage. Jina lake Auleria. Nikamwamkia, nikamwambia namtafuta dada mwenye kovu juu ya nyusi.

"Marahaba. Ni Evelyn huyo, mkwe wangu," alisema. "Yuko kazini. Usimsumbue, mwanangu. Wakimkosa kwenye picha wanamfukuza."

"Anaumwa, mama."

Akacheka. "Aumwe nini? Ana mimba ya miezi minane na kutwa amekaa kivulini. Umeyaona mashavu? Wenzake wanaopalilia wanamwonea wivu."

Mimba.

Kamera ilimchukua kuanzia kifuani kwenda juu. Miezi minane yote haikuwahi kuingia kwenye picha.

Tulimkuta sakafuni, mwili umekakamaa, mapovu mdomoni. Taa ya kijani ya kamera ilikuwa inawaka. Tulipokuwa tunamwinua, ikapiga picha.

Mumewe, Cleophace, alikuja mbio kutoka kibanjani, shamba lao la migomba, panga bado liko mkononi. Garini alinionyesha simu ya mkewe. Mara mbili Evelyn alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kliniki. Mara mbili alijibiwa hivi:

"Wewe ni mkandarasi huru, huhitaji ruhusa. Kumbuka kwamba kutoonekana mara tatu kunafunga namba."

Hospitalini, daktari alisema ni kifafa cha mimba. Akauliza amevimba kwa muda gani. Mama mkwe alisema hajui, labda ni unene.

"Siku kumi na moja," nikasema.

"Wewe umejuaje?"



Wakamfanyia upasuaji. Mtoto wa kike alitoka hai.

Jioni nilifungua simu yangu nikakuta ujumbe. Namba yangu imefungwa kwa kutoonekana. Ushirikiano umekoma. Kama mkandarasi huru, sina madai. Evelyn naye alikuwa na ujumbe huo huo, neno kwa neno.

Alizinduka siku ya pili. Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayelinganisha.

"Wewe ni 0932," akasema taratibu. "Wa miwani yenye uzi wa kijani."

Nikaishika miwani. 0932 ndiyo namba yangu. Mkono wa miwani yangu ulivunjika mwezi wa pili, nikaufunga kwa uzi. Kumbe tangu hapo mashine ilinitilia shaka, na picha zangu zikawa zinapelekwa kwake.

"Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unasinzia mchana, dada," akasema. "Nilibonyeza Ndiye. Kila siku."

Hapakuwa na bosi. Muda wote tulikuwa tunalindana sisi kwa sisi, mmoja Kayanga, mwingine Rugu. Na siku niliyoacha kiti changu, mtu pekee aliyetakiwa kunijibia alikuwa siti ya nyuma ya Probox, kichwa chake mapajani mwangu.

Tulifika kwenye Tume, Bukoba, kabla ya kwisha siku thelathini ambazo sheria inampa aliyefukuzwa. Wakili wa kampuni alikuwa mtulivu. Alisema wateja wake hawakujua tunafanya kazi wapi wala saa ngapi. Picha zilishafutwa. Tuna shahidi gani?

Nikasimama. "Alikaa kwenye kile kiti kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Nilimwona kila mashine iliponiletea picha yake. Mliniagiza nimwone."

Evelyn akasema hivyo hivyo kunihusu, mtoto akiwa ananyonya, na akataja hadi saa nilizokuwa nasinzia.



Tume ilituhesabu kuwa waajiriwa. Lakini tangu kifafa kile jicho la kushoto la Evelyn halioni mpaka leo, na daktari hatoi ahadi.

Ninachokuambia ni hiki. Mkataba ukikuita huru huku kuna mtu anahesabu kama umekaa, sheria inaangalia kiti, haiangalii jina. Andika saa zako kwa mkono. Tunza kila ujumbe. Usisubiri siku thelathini zipite. Na ukipewa vitufe viwili, jiulize ni swali gani hawakutaka uulizwe.

Nilikuwa naandika hesabu yangu kwenye daftari, ni mazoea ya masomo. Kwa siku zile kumi na moja, kwa namba 0417 peke yake, nilibonyeza Ndiye mara mia nne na kumi.

Majibu yote yalikuwa sahihi.