Kidole Gumba cha Dada Hilaria

Siku dada yangu Hilaria alipomwomba hakimu ampe karatasi aisome mwenyewe, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya watu wote, Mahakama ya Mwanzo pale Katesh.

Sasa nina miaka sitini na tatu, na kicheko kile bado kinanichoma.

Nilicheka kwa sababu dada hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea kila barua iliyofika nyumbani kwetu Masakta.

Ngoja niwaeleze nilikuwa mtu wa aina gani.

Mwaka 1991 nilikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Miwani ya vumbi usoni, ovaroli ya bluu, watoto wananipungia mkono. Jamani, nilijiona.

Mwaka huo baba yetu, mzee Margwe, akafariki. Aliugua miaka sita. Aliyemwosha, akamlisha na kulima shamba lake ni Hilaria, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume. Mimi nilikuwa naleta sukari sikukuu.

Lakini kwa mila zetu Wairaqw, boma la baba hubaki kwa kitinda mimba wa kiume. Ndiyo mimi.

Nilitaka lile shamba lote nilime ngano yangu mwenyewe, nione kombaini ikivuna kwangu. Hilaria alisema neno moja tu: "Baba aliniambia nibaki hapa." Na kweli, mzee alilisema hilo mbele ya katekista.

Rafiki yangu Marko, karani wa stoo kule shambani, akanipa akili. "Usibishane na mwanamke. Pata kidole chake kwenye karatasi, umemaliza."

Akanipigia taipu karatasi na kuniazima pedi ya wino.

Jumapili nikaenda Masakta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekula?"

Alinipa ugali na mlenda. Nikala, nikanawa, nikatoa karatasi.

"Ni ya serikali ya kijiji," nikamwambia. "Inasema wewe ndiye mwangalizi wa shamba. Inataka kidole tu."

Akaishika, akaitazama muda mrefu. "Nisomee."

Nikamsomea. Ndugu zangu, nilisoma maneno ambayo hayakuwepo. Karatasi ilisema, "Mimi Hilaria Margwe naachia shamba lote kwa hiari yangu." Mimi nikasoma uangalizi, heshima, sijui maendeleo ya kijiji. Sikukwama hata mahali pamoja.

"Umefika mwisho?" akauliza.

"Nimefika, dada."

Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Kisha akanifungia mayai kumi nimpelekee mke wangu.

Mwezi uliofuata nikapeleka trekta shambani. Dada akaenda kunishtaki.

Kumbe alishaonana na Mwantumu, binti wa mfanyabiashara wa pale Katesh, aliyesomea sheria Dar na akawa anapita vijijini kuwasikiliza wanawake. Wakati ule wakili hakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo Mwantumu hakumsemea dada. Alimfundisha kusema, wiki tatu, wakichambua mahindi pamoja.

Siku ya kesi Mwantumu alikaa benchi la nyuma, kimya.

Nikatoa karatasi yangu. Wazee wa baraza wawili wakatikisa vichwa kukubali, mambo yangu safi. Ndipo dada akasema, "Mheshimiwa, naomba niisome."

Nikacheka.

Akasoma. Polepole, kidole chini ya kila neno, kama walivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya sabini. Akina mama walikwenda kila alasiri kwenye kibaraza cha kanisa. Alikuwa na cheti. Mimi nilikuwa shule ya bweni, kisha nikawa bwana kombaini. Sikuwahi kumuuliza.



"Unajua kusoma," hakimu akamwambia. "Kwa nini uliweka kidole?"

Dada hakumtazama hakimu. Alinitazama mimi.

"Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Nilitaka nione kama atafika mwisho."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaendelea. "Mheshimiwa, anasema kwa mila mimi sina haki. Kama sina haki, kidole changu alikitakia nini?"

Mzee mmoja wa baraza akavua kofia. Dada akataja hukumu ya Mahakama Kuu kule Mwanza, ya mwaka uliotangulia, kwamba mwanamke na mwanaume wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo. Aliitaja bila kukosea.

Akapewa shamba. Hakimu akamuuliza kama anataka nishtakiwe kwa udanganyifu. Akasema, "Hapana. Ana mtoto mdogo."

Nje nikamuuliza, kwa nini miaka yote aliniacha nimsomee barua.

"Ulikuwa unafurahi," akajibu.

Mtoto yule mdogo ni binti yangu Natalia. Alipokua akaolewa, mumewe akamfukuza, Hilaria akamkatia kipande cha shamba, chenye hati kwa jina lake. Mashamba ya serikali yalipokufa, na mimi nikaja kupokelewa hapohapo. Nawaandikia nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha dada yangu.

Macho yake sasa yameingia mtoto wa jicho, haoni herufi tena. Kwa hiyo kabla sijaposti nimemsomea haya yote, pamoja na kicheko.

Akauliza, "Umefika mwisho?"

"Nimefika, dada."

"Haya. Natalia, hebu chukua hiyo simu ya baba yako, unisomee na wewe."

Ndugu wanaume, funzo langu ni hilo. Mkiombwa simu, toeni. Mimi nimetoa.